Bunge la Afrika: kazi yenyewe inafanyika kwenye kamati

Wadau, muulize kijana yeyote hapa Moshi akutajie wabunge watano wanaoiwakilisha Tanzania kwenye Bunge la Afrika. Wengi watakuangalia tu. Wengine watakuuliza, "Kwani Afrika nayo ina bunge?"

Inalo. Lilizinduliwa Addis Ababa tarehe 18 Machi 2004, na makao yake yako Midrand, Afrika Kusini. Rais wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe, yule yule aliyesimamia mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995. Aliliongoza Bunge hilo mpaka 2009. Kwa hiyo hili si jambo la watu wa mbali.

Tatizo ni kwamba habari za bunge hili huwa zinatufikia za aina mbili tu: hotuba na ugomvi. Hotuba hazieleweki, na ugomvi unafurahisha kwa siku moja halafu basi. Katikati ya hivyo viwili kuna kazi, na karibu yote inafanyika kwenye kamati. Leo naomba tuongelee kamati. Najua neno lenyewe linaleta usingizi, lakini nivumilie, kwa sababu tutatoka Midrand tupite Arusha tumalizie Holili, pale pale watu wa Himo wanapovushia mizigo yao.

KWA NINI KAMATI?

Chukua kamati ya harusi. Watu 60 wakikaa kwenye ukumbi mmoja kujadili bei ya kreti za soda, idadi ya magari, rangi ya mapambo na nani atamleta mpiga picha, hawatamaliza hata ikifika saa sita usiku. Ndiyo maana kikao cha kwanza tu watu wanagawana: kamati ya chakula, ya usafiri, ya mapambo, ya ulinzi. Kila kamati inakwenda kuhangaika na jambo lake, inaulizia bei, inarudi na ripoti. Kikao kikubwa kinabaki na kazi ya kusikiliza, kuuliza maswali na kuamua.

Sasa kuza hesabu. Kila nchi inapeleka wabunge 5 kwenye Bunge la Afrika. Umoja wa Afrika una nchi wanachama 55. Wakija wote ni watu 275, wanaongea Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kireno na sasa Kiswahili, ambacho Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi Februari 2022. Na wanakutana kwa vikao vya kawaida angalau mara mbili tu kwa mwaka, na kila kikao hakizidi mwezi mmoja.

Ukimpa kila mtu dakika tano za kusema juu ya jambo moja, hizo ni karibu saa 23. Jambo moja tu hilo! Bila kamati, bunge la namna hiyo lingekuwa mkutano wa salamu.

KAMATI ZENYEWE

Kanuni za mwanzo za mwaka 2004 ziliweka kamati 10 za kudumu. Nazitaja kwa lugha ya kawaida:

1. Uchumi wa vijijini, kilimo, maliasili na mazingira
2. Fedha
3. Biashara, forodha na uhamiaji
4. Ushirikiano, uhusiano wa kimataifa na utatuzi wa migogoro
5. Usafiri, viwanda, mawasiliano, nishati, sayansi na teknolojia
6. Afya, kazi na ustawi wa jamii
7. Elimu, utamaduni, utalii na rasilimali watu
8. Jinsia, familia, vijana na watu wenye ulemavu
9. Sheria na haki za binadamu
10. Kanuni, haki za wabunge na nidhamu

Baadaye ikaongezwa kamati ya ukaguzi na hesabu. Ukiitazama hiyo orodha kwa makini utaona aina mbili. Nyingi zinatazama nje, yaani maisha ya Waafrika: shamba, mpaka, hospitali, shule, vita. Chache zinalitazama Bunge lenyewe: nani kavunja kanuni, pesa imekwenda wapi. Hizi za pili hazina umaarufu, ila zikilala, hata zile za kwanza haziendi.

Kila kamati ina mwenyekiti, makamu wake, na mtu wa kuandika na kuisoma ripoti. Huyu wa tatu msimdharau. Wabunge wengi hawakuwepo kwenye kikao cha kamati, wanachokijua ni kile alichokiandika yeye.

NANI ANAKAA KAMATI GANI?

Hapa ndipo siasa inapoingia. Afrika imegawanywa kanda tano: Kaskazini, Magharibi, Kati, Mashariki na Kusini. Rais wa Bunge na makamu wake wanne wanatoka kanda tofauti, na viti vya kamati navyo vinagawanywa kwa kuangalia kanda, ili isitokee kamati ya migogoro ikajaa watu wa upande mmoja wanaojadili vita vya upande mwingine.

Wabunge watano wa kila nchi wanatoka kwenye bunge la kwao. Kwetu sisi wanatoka Dodoma. Lazima angalau mmoja awe mwanamke, na itifaki inataka wawakilishe mitazamo ya kisiasa iliyomo kwenye bunge la nyumbani, wasiwe wa chama kimoja peke yake.

Lakini mpango huu una shida mbili, na zote zinaiumiza kamati.

Kwanza, mheshimiwa ana kazi mbili. Ana jimbo lake, ana kamati yake ya Dodoma, halafu ana kamati ya Midrand. Msimu wa bajeti ukifika, unafikiri atachagua ipi?

Pili, ubunge wake wa Afrika unakwenda na ubunge wake wa nyumbani. Akianguka kwenye uchaguzi kwao, na Midrand kumekwisha. Na nchi za Afrika hazifanyi uchaguzi mwaka mmoja, kila mwaka kuna nchi inapiga kura. Kwa hiyo karibu kila mwaka kuna kamati inayompoteza mwenyekiti, au yule aliyekuwa analijua faili kuliko wote. Anakuja mgeni, anaanza kusoma upya.

RIPOTI IKIISHA INAKWENDA WAPI?

Hili ndilo swali la maana kuliko yote kwenye makala hii, kwa hiyo kama umechoka, soma hapa.

Itifaki iliyounda Bunge la Afrika ilisema kwamba kwa kipindi chake cha kwanza litakuwa na uwezo wa kushauri tu. Lengo lilikuwa kufika siku moja liwe na uwezo kamili wa kutunga sheria. Juni 2014 viongozi wa Afrika walipitisha itifaki mpya kule Malabo, Guinea ya Ikweta, ya kuliongezea nguvu kidogo na kutaka wabunge wake wasiwe wale wale wa mabunge ya nchi zao. Ilihitaji kuridhiwa na zaidi ya nusu ya nchi wanachama, yaani 28. Miaka kumi baadaye, 2024, idadi hiyo ilikuwa haijafikiwa.

Maana yake ni hii. Kamati ya kilimo inaweza kukaa wiki nzima, ikawaita wataalamu, ikaandika ripoti nzuri kuhusu mbegu au ardhi. Ripoti inasomwa ukumbini, inajadiliwa, linapitishwa azimio. Halafu azimio linapelekwa kwa wakubwa wa Umoja wa Afrika kama ushauri. Wakilifuata sawa, wasipolifuata hakuna wa kuwashtaki.

Msinielewe vibaya, ushauri nao una kazi yake. Mwishoni mwa mwaka 2004, Bunge likiwa bado changa kabisa, lilituma wabunge kwenda Darfur, Sudan, kujionea wenyewe hali ilivyo. Mwaka 2008 likapeleka waangalizi Zimbabwe, wakiongozwa na Marwick Khumalo wa Swaziland (nchi ambayo sasa inaitwa Eswatini). Duru ya pili ya urais ya tarehe 27 Juni ilipofanyika, baada ya Morgan Tsvangirai kujitoa kwa sababu ya vurugu, waangalizi wale walitamka wazi kwamba uchaguzi haukuwa huru wala wa haki. Ilikuwa ni taasisi ya Waafrika inasema hivyo kuhusu serikali ya Kiafrika, na serikali ile haikuweza kudai ni maneno ya mabeberu.

Kwa hiyo nguvu ya kamati isiyotunga sheria ni kwenda kuona, kuandika ilichokiona, na kukisoma mbele ya watu. Ni nguvu ndogo, lakini ipo.

SASA NJOO ARUSHA

Kilometa kama 80 tu kutoka hapa Moshi kuna bunge jingine, dogo, lakini lenye meno zaidi. Ni Bunge la Afrika Mashariki, EALA. Lilizinduliwa 30 Novemba 2001, na spika wake wa kwanza alikuwa Mtanzania pia, Abdulrahman Kinana. Kila nchi inachagua wabunge 9. Wetu wanachaguliwa na Bunge la Dodoma, lakini wao wenyewe hawaruhusiwi kuwa wabunge wa Dodoma. Umeona tofauti? Huyu ana kazi moja.

Mkataba wa Jumuiya unalipa bunge hili uwezo wa kuunda kamati zozote linazoona zinafaa. Zake ni chache: Hesabu, Sheria, Kanuni na Haki za Wabunge, Kilimo, Utalii na Maliasili, Masuala ya Kikanda na Utatuzi wa Migogoro, Mawasiliano, Biashara na Uwekezaji, na Masuala ya Jumla, ambayo ndiyo inayochambua bajeti. Kuna pia Tume ya Bunge inayopanga ratiba na utawala.

Tofauti kubwa ni kwamba huku kamati inashika miswada. Muswada unasomwa mara ya kwanza, halafu unapelekwa kwenye kamati inayohusika. Kamati inausoma kifungu kwa kifungu, inasikiliza maoni ya serikali, wafanyabiashara na wananchi, inaandika mabadiliko inayotaka. Ndipo unarudi ukumbini kwa mjadala, unapitiwa tena vifungu vyote, na unasomwa mara ya tatu. Ukipita hapo unakwenda kwa marais wa nchi wanachama, na wote wanatakiwa kuweka saini. Rais mmoja akikataa, unarudishwa bungeni. Ukipelekwa tena na mmoja akakataa tena, muswada umekufa.

NA SASA HOLILI

Wanaovusha mizigo kwenda Taveta wanakumbuka zamani. Unasimama Holili, unapanga foleni kwa maofisa wa Tanzania: uhamiaji, forodha, ukaguzi. Unagongewa mhuri. Unavuka. Unafika Taveta, unaanza upya na Wakenya: karatasi zile zile, maswali yale yale, foleni nyingine. Kama umebeba nyanya au ndizi, jua nalo halikusubiri.

Dawa ilikuwa kuwaweka maofisa wa nchi mbili kwenye jengo moja. Ukienda Kenya, unasimama upande wa Kenya tu, Watanzania na Wakenya wako pale pamoja. Ukirudi, unasimama Holili tu. Rahisi, sivyo? Jenga jengo, weka viti, basi.

Hapana. Ofisa wa forodha wa Tanzania akikaa Taveta, amekaa nchi ya watu. Ana mamlaka gani pale? Akikamata mzigo, anaukamata kwa sheria ya nani? Akipokea rushwa, anashtakiwa Moshi au Taveta? Jengo halijibu maswali hayo. Yanajibiwa na sheria inayotambuliwa na nchi zote mbili.

Ndiyo kazi iliyokwenda EALA. Muswada wa Vituo vya Huduma za Pamoja Mpakani ulipitia Kamati ya Mawasiliano, Biashara na Uwekezaji, Bunge likaupitisha mwaka 2013. Ukaenda kutafuta saini za marais, na sheria yenyewe ikatoka kwa jina la Sheria ya mwaka 2016. Mwaka huo huo 2016 kituo cha pamoja cha Holili na Taveta kikazinduliwa rasmi.

Angalia hiyo miaka. Kutoka kura ya wabunge mpaka sheria ni miaka kama mitatu, na hapo ni muswada ambao kila mtu alikuwa anautaka. Ndiyo maana nasema fuatilia jambo likiwa bado kwenye kamati. Likishafika kwa marais, wewe na mimi hatuna pa kulishikia.

PALE KAMATI ZINAPOKWAMA

Nisije nikawapaka rangi ya asali. EALA nayo ina mikasa yake.

Mwaka 2005 Baraza la Mawaziri la Jumuiya lilitaka kuichukua miswada iliyopelekwa na wabunge binafsi, kwa maelezo kwamba mambo ya sera ni ya serikali. Wabunge watatu, Calist Mwatela wa Kenya, Lydia Wanyoto wa Uganda na Isaac Sepetu wa Tanzania, wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki. Hukumu ilitoka 2006: muswada ukishaingia bungeni ni mali ya Bunge, mawaziri hawawezi kuja kuuchomoa. Bila hukumu ile, kamati ingekuwa inachambua jambo leo, kesho linanyakuliwa mezani.

Mwaka 2014 ikaja zamu ya Spika Margaret Zziwa wa Uganda. Wabunge walitaka kumng'oa, na malalamiko yakapelekwa Kamati ya Sheria, Kanuni na Haki za Wabunge. Akaondolewa Desemba 2014. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2017 mahakama ikasema utaratibu uliotumika ulivunja Mkataba. Moja ya hoja ilikuwa kwamba baadhi ya walalamikaji walikuwa wamekaa kwenye kamati ile ile iliyokuwa inamchunguza. Mlalamikaji hawezi kuwa hakimu. Hata baraza la ukoo linajua hilo.

Midrand nako, mwishoni mwa Mei 2021, wabunge walishikana mashati ukumbini mbele ya kamera, wakigombania iwapo urais wa Bunge uzunguke kanda kwa kanda. Uchaguzi ukasimamishwa. Rais mpya, Fortune Charumbira wa Zimbabwe, alipatikana Juni 2022. Mwaka mzima! Sisi tulitumiana zile video tukacheka. Wachache walijiuliza wakati ule ripoti za kamati zilikuwa zinasomwa na nani.

Halafu kuna pesa. Kamati ikitaka kwenda mpakani kuona foleni kwa macho yake, inahitaji nauli, malazi, wakalimani na posho. Nchi zikichelewesha michango, kitu cha kwanza kukatwa ni ziara za kamati, na EALA imeshaahirisha shughuli zake kwa sababu hiyo. Watu wanapolalamika kuhusu posho za waheshimiwa wana hoja. Ila tutenganishe vitu viwili: posho ya kukaa hotelini kusoma hotuba, na nauli ya kwenda Holili kumuuliza mama wa vitunguu anatozwa nini. Ya kwanza ikatwe, ya pili nailipia kodi bila kinyongo.

SASA WEWE UFANYE NINI?

Usimuulize mbunge wa Afrika au wa EALA "umetufanyia nini?" Hilo ni swali rahisi, atakujibu kwa hotuba. Akitokea kwenye mkutano, redioni, au hata kwenye mtandao, muulize haya manne:

Moja: Uko kamati gani?

Mbili: Ripoti ya mwisho ya kamati yako ilihusu nini, na naipata wapi niisome?

Tatu: Kabla ya kuiandika mliwasikiliza akina nani? Kuna mfanyabiashara mdogo hata mmoja, mkulima hata mmoja?

Nne: Bunge lilipopitisha ripoti yenu, nani alitakiwa kutekeleza, na amefanya nini mpaka leo?

Akishindwa la kwanza, mengine usihangaike nayo, umeshapata jibu.

Na kama una jambo lako la mpakani, la ada za vyuo vya nchi jirani, la mzigo ulioshikiliwa, au la bodaboda kukatazwa kuvuka, usiishie kulalamika kijiweni. Liandike kwa ukurasa mmoja: tarehe, mahali, ulitozwa nini, ulipewa risiti au hukupewa. Lipeleke kwa mmoja wa wale tisa, ukitaja kamati inayohusika. Arusha ni mwendo wa basi asubuhi na kurudi jioni. Karatasi yenye tarehe na kiasi cha pesa inaweza kuingia kwenye faili la kamati. Kelele haina pa kuingilia.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Waliopita Holili karibuni watuambie hapa chini: kile kituo cha pamoja kinafanya kazi kama sheria inavyosema, au foleni zimerudi kwa mlango wa nyuma? Andikeni mwezi na mwaka mliopita, na mlichobeba. Matusi nitayafuta.